Majina ya Majira: Watafsiri wa Kalenda ya Kichina na Somo Lao kwa Kanisa

Jioni ya tarehe 4 Februari 2022 ilifunguliwa Olimpiki ya majira ya baridi mjini Beijing. Waandaaji hawakuhesabu kutoka kumi kushuka hadi moja, kama ilivyozoeleka. Walianza na 24, na kila namba ilibeba jina la kipindi kimoja cha mwaka katika kalenda ya kale ya Wachina. Kipindi cha kwanza kutajwa kilikuwa Yushui, maana yake Maji ya Mvua. Cha mwisho kilikuwa Lichun, ambacho kwa Kiingereza huitwa "Beginning of Spring", yaani mwanzo wa majira ya kuchipua.

Kwa kalenda hiyo, siku ile yenyewe ilikuwa Lichun. Lakini Beijing ilikuwa bado katika baridi kali, na watu uwanjani walikuwa wamevaa makoti mazito. Mtu aliyelijua jina hilo kwa Kiingereza tu alikuwa na haki ya kushangaa: ni majira gani ya kuchipua yanayoanza katika baridi kama hii?

Kosa halikuwa katika kalenda. Neno li kwa Kichina lina maana ya kusimama au kusimamisha. Siku ya Lichun majira mapya yanasimamishwa. Ni kama mchungaji anapoingizwa kazini katika usharika: siku hiyo hajabatiza mtoto wala hajazika marehemu, lakini tangu saa ile kazi ni yake. Waingereza wengi wamezoea kuanza kuhesabu majira ya kuchipua pale mchana na usiku vinapolingana, karibu na tarehe 20 Machi. Wachina huiita siku hiyo Chunfen, yaani mgawanyo wa majira ya kuchipua, kwa kuwa kwao majira hayo yamefika katikati. Basi neno moja la Kiingereza limewekwa juu ya vipindi viwili visivyolingana, na msomaji hana habari.

Katika insha hii ninafuatilia historia ya majina hayo na ya watu wa kanisa waliokutana nayo. Ninafanya hivyo kwa sababu sisi Wakristo tunaishi kwa tafsiri. Hakuna mshiriki katika sharika zetu aliyelipokea Neno la Mungu kwa lugha waliyoandika manabii na mitume. Tumelipokea kwa mikono ya watafsiri, na ni vema tujue kazi yao ina ugumu gani.

Kalenda ya mkulima

Miezi ya kale ya Wachina ilifuata mwandamo wa mwezi. Sisi tunaoishi pamoja na ndugu zetu Waislamu tunajua jinsi Ramadhani inavyohama mwaka hadi mwaka. Wachina walipunguza kuhama huko kwa kuongeza mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka, lakini hata hivyo tarehe za miezi yao hazikutulia. Mwaka mpya wao unaweza kuangukia siku yoyote kati ya tarehe 21 Januari na tarehe 20 Februari. Mkulima hawezi kupanda kwa kufuata tarehe zinazoyumba namna hiyo.

Kwa hiyo waliweka alama nyingine zilizofuata jua. Waligawa safari ya jua ya mwaka mzima katika sehemu 24, kila sehemu ikiwa na nyuzi 15, karibu siku 15 hivi. Mpango huo ulikua katika bonde la Mto Manjano. Orodha kamili ya majina yote 24 inaonekana katika kitabu kiitwacho Huainanzi, kilichokabidhiwa kwa mfalme mwaka 139 kabla ya Kristo, na mwaka 104 kabla ya Kristo vipindi hivyo viliingizwa katika kalenda rasmi ya dola. Mwaka 2016 UNESCO iliviweka katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Majina yenyewe yanaeleza mambo ambayo mtu aliyesimama shambani anayaona: Umande Mweupe, Umande Baridi, Kushuka kwa Jalidi, Theluji Ndogo, Theluji Kubwa. Sura ya kwanza ya Mwanzo inatufundisha kwamba Mungu aliweka mianga angani iwe dalili za majira, siku na miaka. Wachina hawakuwa na kitabu cha Mwanzo, lakini dalili walizisoma, na walizisoma kwa uangalifu mkubwa.

Wakristo katika ofisi ya kalenda

Kabla ya majina haya kufika katika Kiingereza, Wakristo walikuwa wamekwisha kuigusa kalenda hiyo, na wengine walilipa kwa damu yao.

Matteo Ricci, Mjesuiti kutoka Italia, alifika Beijing mwaka 1601. Rafiki yake mkubwa alikuwa Xu Guangqi, msomi wa Kichina aliyebatizwa mwaka 1603 kwa jina la Paulo. Wawili hao walitafsiri pamoja vitabu sita vya kwanza vya hesabu vya Euclid, vikachapishwa mwaka 1607. Xu alikuwa pia mtu wa mashamba. Aliandika kitabu kikubwa cha kilimo kilichotolewa mwaka 1639, baada ya kufa kwake. Mwaka 1629, baada ya hesabu za Kizungu kutabiri kupatwa kwa jua kwa usahihi kuliko hesabu za ofisi ya mfalme, Xu alipewa kazi ya kuongoza matengenezo ya kalenda.

Kazi hiyo ilimfikia Johann Adam Schall, Mjesuiti wa Kijerumani. Mwaka 1645 kalenda mpya ilianza kutumika. Zamani siku za mwaka ziligawanywa sawasawa katika vipindi 24. Sasa kila kipindi kilihesabiwa kwa mahali jua lilipo hasa, na kwa sababu hiyo vipindi vya majira ya baridi vikawa vifupi kidogo kuliko vya majira ya joto. Majina hayakubadilishwa hata moja, lakini tarehe zilisogea.

Wengi walichukia. Waliona wageni wameshika kitu ambacho ni cha mfalme na cha mbingu. Katika mashtaka yaliyofunguliwa mwaka 1664, Schall na wenzake walituhumiwa kwa uasi, kwa mafundisho ya uongo, na kwa kuchagua siku mbaya ya maziko ya mtoto wa mfalme. Schall alikuwa mzee aliyepooza, hata kusema hakuweza. Mwenzake Ferdinand Verbiest ndiye aliyesema kwa niaba yake. Alihukumiwa kifo, kisha tetemeko la ardhi likaipiga Beijing, watawala wakaogopa, naye akaachwa hai. Lakini Wachina Wakristo watano waliofanya kazi katika ofisi ya kalenda, akiwamo Li Zubai, walikatwa vichwa mwaka 1665. Schall alikufa mwaka uliofuata. Mwaka 1669, baada ya Verbiest kushinda majaribio ya hadharani ya kupima kivuli cha jua, jina la Schall lilisafishwa.

Ninaikumbusha habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, tunapotaja wamisionari tusiwasahau wenyeji waliobeba msalaba mzito kuliko wao. Pili, habari hii inaonyesha kwamba majina ya majira hayakuwa jambo la udadisi tu. Kwa Wachina yalishikamana na mamlaka, na ibada, na chakula. Aliyeyagusa aligusa moyo wa watu.

Watafsiri wa Kiingereza

Wajesuiti waliandika kalenda yao kwa Kichina, kwa hiyo hawakulazimika kuyatafutia majina hayo maneno mapya. Kazi hiyo iliwaangukia waliokuja baadaye na Kiingereza. Robert Morrison wa Shirika la Misheni la London alifika Guangzhou mwaka 1807, wakati sheria ilikataza Wachina kuwafundisha wageni lugha yao. Kati ya mwaka 1815 na 1823 alitoa kamusi kubwa ya Kichina na Kiingereza, na mwaka 1823 Biblia nzima ya Kichina ikachapishwa. Wote waliofuata walijenga juu ya kazi yake.

Mmoja wao alikuwa James Legge, Mskoti wa shirika hilohilo. Alihudumu Hong Kong kuanzia mwaka 1843, na tangu mwaka 1876 alikuwa profesa wa Kichina huko Oxford. Alisaidiwa kwa miaka mingi na Wang Tao, msomi wa Kichina aliyebatizwa, ambaye alimwandalia maelezo ya maandiko ya kale. Mwaka 1885 Legge alitoa tafsiri ya Liji, kitabu cha taratibu za ibada na adabu. Ndani yake mna sura inayoeleza miezi kumi na miwili, dalili za kila mwezi na wajibu wa mfalme na watu katika mwezi huo. Vipindi vile 24 vina undugu wa karibu na sura hiyo.

Humo mna mambo ambayo Legge, mchungaji na msomi, hakuyaamini hata kidogo. Kipanga anageuka kuwa njiwa. Fuko anageuka kuwa ndege. Fisimaji, anapopanga samaki wake kando ya mto, anasemwa kwamba anatoa sadaka. Mtafsiri mwingine angefuta hayo, au angeandika tu kwamba fisimaji anakula samaki. Legge aliyaacha kama yalivyo. Alijua kwamba mtafsiri ni shahidi, na shahidi hasemi anachodhani kilipaswa kusemwa. Zaidi ya hayo, ukimfuta fisimaji anayetoa sadaka, umefuta pia moyo wa watu walioona kwamba hata mnyama hali kabla ya kushukuru.

Majina manne magumu

Tuangalie sasa majina manne tuone ugumu wenyewe.

La kwanza ni Jingzhe, karibu na tarehe 5 Machi. Kiingereza husema "Awakening of Insects", kuamka kwa wadudu. Lakini zhe si wadudu tu. Ni viumbe vyote vilivyojificha na kulala chini ya ardhi wakati wa baridi, nyoka na vyura wakiwamo. Na jing si kuamka kwa upole. Ni kushtuka, kwa kuwa watu walisema radi ya kwanza ya mwaka ndiyo inayowashtua. Kiingereza kimeleta wadudu na kuiacha radi. Hata hivyo tusiwalaumu watafsiri peke yao. Jina la kwanza kabisa lilikuwa Qizhe, kufunguliwa kwa waliolala. Wakati wa mfalme Jing wa ukoo wa Han, aliyetawala tangu mwaka 157 hadi 141 kabla ya Kristo, neno qi liliondolewa kwa sababu ndilo lililokuwa jina la mfalme mwenyewe, na watu hawakuruhusiwa kulitaja ovyo. Wajapani wamelihifadhi neno la zamani hadi leo. Kwa hiyo hata nyumbani kwake jina lilikwisha kubadilishwa kwa hofu ya mwanadamu.

La pili ni Xiaoman, karibu na tarehe 21 Mei. Maana yake ni Kujaa Kudogo. Punje za ngano zimeanza kujaa lakini hazijakomaa. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza huzungumzia machipukizi ya nafaka, jambo ambalo si sahihi, maana hapa punje tayari imo ndani ya suke. Wachina wenyewe hupenda kutafakari jambo moja: kuna Joto Dogo na Joto Kubwa, Theluji Ndogo na Theluji Kubwa, Baridi Ndogo na Baridi Kubwa, lakini hakuna Kujaa Kukubwa. Wengi husema hilo linamfundisha mtu kuridhika kabla kikombe hakijamwagika. Tafsiri inayosema machipukizi tu inamnyima msomaji nafasi ya kuuliza swali hilo.

La tatu ni Mangzhong, karibu na tarehe 6 Juni. Kiingereza husema "Grain in Ear", nafaka iliyo katika suke. Ni picha nzuri, lakini imetulia mno. Mang ni zile nywele ngumu zinazochomoza kwenye masuke ya ngano na mpunga. Zhong ni mbegu, na pia ni kupanda. Ni wakati ambapo ngano inavunwa na mpunga unapandwa, yote kwa siku chache. Tena neno mang linasikika sawa na neno lingine lenye maana ya kuwa na shughuli nyingi, na wakulima hulitania jina hilo kama kusema kupanda kwa haraka. Kiingereza kimehifadhi suke, lakini jasho limepotea. Jina ambalo kwa mkulima lilikuwa wito limegeuka kuwa picha ya ukutani.

La nne ni Qingming, karibu na tarehe 5 Aprili. Qing ni safi, ming ni angavu. Ni siku ambazo anga limetakata na mimea imechangamka. Siku hiyo pia familia huenda kusafisha makaburi ya wazazi wao, na kwa hiyo Kiingereza mara nyingi huiita "Tomb-Sweeping Day", siku ya kufagia makaburi. Tafsiri hiyo imeeleza kinachofanyika lakini imeficha jina. Mtu anasikia kaburi tu, wala hasikii mwanga. Mwaka 2021 Qingming na Pasaka ziliangukia siku moja, tarehe 4 Aprili. Mkristo wa Kichina aliyefika makaburini asubuhi hiyo, kama wale wanawake wa Injili, alikuwa amesimama katika siku ambayo jina lake ni usafi na mwanga. Kiingereza cha kufagia makaburi hakiwezi kumwonyesha mtu jambo hilo.

Kanisa limewahi kuumia kwa sababu ya siku kama hii. Wakatoliki walibishana kwa zaidi ya miaka mia moja kama heshima kwa wazazi waliokufa ni ibada ya sanamu au ni adabu ya watoto. Roma ilikataza mwaka 1704, ikakaza mwaka 1715 na tena mwaka 1742. Mfalme Kangxi aliposoma tafsiri ya agizo la mwaka 1715, alikasirika na mwaka 1721 akaamua kupiga marufuku mahubiri yao. Ni mwaka 1939 tu ndipo katazo hilo lilipolegezwa. Sisi Walutheri hatuabudu wafu wala hatuwaombi, na katika hilo sina shaka. Lakini ninajiuliza ni wangapi waliohukumiwa kwa neno ambalo hakuna aliyelisikiliza hadi mwisho.

Madhabahu ya siku fupi

Jina moja zaidi lilimletea Legge mzozo. Dongzhi, karibu na tarehe 22 Desemba, ni siku yenye mchana mfupi kuliko zote. Kiingereza hutumia neno la Kilatini linaloeleza jua lililosimama. Kichina kinasema majira ya baridi yamefika, yaani yamefika ukomo wake na kuanzia hapo mwanga utaongezeka. Siku hiyo mfalme wa China alitoa sadaka kwenye Madhabahu ya Mbingu, kusini mwa Beijing, akiwa anaomba kwa niaba ya watu wote.

Mwaka 1873 Legge alilizuru eneo hilo. Inasimuliwa kwamba alivua viatu, na pamoja na wenzake akaimba wimbo wa kumsifu Mungu. Aliamini kwamba Shangdi, Bwana wa Juu aliyeabudiwa hapo, ni jina ambalo Wakristo wanaweza kumwitia Mungu wa kweli. Wamisionari wengi walimpinga. Andiko lake lililopelekwa kwenye mkutano wa wamisionari wa Shanghai mwaka 1877 liliachwa nje ya kitabu cha taarifa za mkutano. Mimi sikubaliani na Legge katika kila jambo. Mungu ametujulisha moyo wake katika Yesu Kristo aliyesulubiwa, na hakuna madhabahu ya mfalme yeyote inayoweza kufundisha hilo. Lakini Paulo pale Athene hakuanza kwa kuivunja madhabahu aliyoikuta. Aliisoma kwanza, kisha akahubiri.

Kanuni mbili za Luther

Mwaka 1530 Martin Luther aliandika waraka juu ya kazi ya kutafsiri. Wengi wetu tunaikumbuka sehemu yake moja: kwamba mtafsiri amsikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni, ajue wanavyosema, kisha atafsiri hivyo. Kwa kanuni hiyo watafsiri wa Kiingereza wamejitahidi, maana "Grain in Ear" ni maneno ambayo kila Mwingereza wa shamba angeyaelewa.

Lakini waraka huohuo una upande wa pili ambao huwa tunausahau. Luther anaeleza kwamba pale ambapo neno lenyewe lilibeba uzito, alilishika kama lilivyo, hata kama Kijerumani chake kilisikika kigumu. Aliona heri lugha ipate shida kuliko Neno lipungue. Legge alipomwacha fisimaji atoe sadaka yake alifuata kanuni hii ya pili, ajue au asijue.

Mtafsiri mwema anazihitaji zote mbili, na pasipo sala na uvumilivu hatajua lini atumie ipi. Sisi wahubiri tuko katika kazi hiyohiyo kila Jumapili. Tunachukua neno gumu kama toba, neema, au upatanisho, na tunatamani lilainike ili watu wafurahi. Mara nyingi tunafanya vema. Lakini kuna siku tunabakiza suke na kupoteza jasho. Tunasema habari njema bila radi inayowashtua waliolala. Tunasema Pasaka bila kaburi, au kaburi bila mwanga.

Bwana Yesu aliwakemea watu waliojua kusoma sura ya mbingu na nchi wasijue kuutambua wakati waliokuwa nao. Mkulima wa bonde la Mto Manjano, aliposikia jina Mangzhong, hakusimama kulisifu. Alichukua mundu, kisha akachukua miche ya mpunga. Jina lilimwambia kilichotokea angani na kilichomngoja shambani. Tafsiri inayoleta la kwanza bila la pili ni nusu ya tafsiri, na hotuba ya namna hiyo ni nusu ya mahubiri. Tuwaombee wale wanaotutafsiria Maandiko leo, na wale wanaotuhubiri, ili Neno litufikie likiwa zima. Nasi tukilisikia, tuinuke tukafanye kazi ya majira yetu.